Msomaji Aliyezikwa Karurumo

Nilipokabidhi funguo za maktaba, wenzangu wa kaunta walinipa keki, blanketi na kazi. Kazi yenyewe ndiyo hii: niwaandikie jinsi mambo yalivyokuwa. Nadhani walitarajia habari za semina na vyeo. Hizo ziko kwenye faili, na faili za serikali ni nzito, haziendi popote. Mimi nitaandika yale ambayo hayakufunguliwa faili.

Nilianza Meru mjini. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino nilivyonunuliwa na mama kwa ajili ya kazi ya ofisi. Sakafu ya maktaba ile ilikuwa ya mbao. Nilipoingia, kila hatua yangu ilisikika hadi ukuta wa nyuma, na wasomaji wote wakainua vichwa. Bwana Mutwiri, aliyekuwa mkuu wa kaunta, alinitazama mpaka nikafika mbele yake, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kesho uje na viatu vya raba." Hilo ndilo somo langu la kwanza la ukutubi, na sikuwahi kupata lingine lililonifaa zaidi.

Mutwiri alikuwa mwembamba, na gundi ilikuwa haitoki kwenye kucha zake. Alinifundisha kushona mgongo wa kitabu kwa uzi na kitambaa, na kupika gundi ya unga wa ngano kwenye sufuria ndogo. Sellotape aliichukia kuliko panya. Panya, alisema, hula ukurasa mmoja akashiba, lakini sellotape hukauka, hugeuka rangi ya chai, na siku ikibanduka hubanduka na maneno. Alinifundisha kutoa kitabu kwenye rafu bila kukivuta kichwa: unawasukuma majirani wake wawili ndani, unakishika kiunoni. Alinifundisha kunusa. Asubuhi ukifungua mlango, kabla hujawasha taa, vuta pumzi. Kama mvua iliingia, pua itakuambia kabla ya macho.

Wafanyabiashara Waislamu wa mjini walikuwa wakija baada ya swala ya adhuhuri kusoma magazeti, wakinukia udi na dizeli kwa pamoja. Walikuja pia wakulima waliokuwa wakingoja dawa ya ng'ombe, na watu waliokuwa wakikwepa mvua tu. Siku moja nilimuuliza Mutwiri kwa nini tunawaruhusu wale wanaolala.

"Hospitalini unaulizwa kadi," akasema. "Benki unaulizwa akaunti. Kwa polisi unaulizwa kila kitu, hata babu yako. Hapa mtu akiingia kusoma, unamuuliza nini?"

"Simuulizi kitu. Namwambia anyamaze tu."

"Basi. Akinyamaza ni wetu."

Nilikaa Meru miaka mingi, nikahamishiwa Embu, karibu na kwetu. Nilipanga nyumba mtaa wa Majimbo, mwendo mfupi kutoka kazini. Maktaba ya Embu nilikuta ni jengo la mawe lenye madirisha marefu na baridi ya kudumu. Mlangoni palikuwa na askari aitwaye Nyaga, mtu mzima wa kutoka Karurumo, upande wa Runyenjes, mwenye koti la kijani na shavu lililojaa muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa. Nilimkanya asitafune kazini. Akauhamisha kutoka shavu la kulia hadi la kushoto, na tukaelewana hivyo kwa muda wote tuliofanya kazi pamoja.

Sasa nifike kwa yule msomaji.

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati ambapo Embu hukaa ndani ya ukungu kama nguo ndani ya beseni. Asubuhi ukisimama kwenye ngazi za maktaba huoni geti. Watu hutokea ghafla, kichwa kwanza, halafu mabega. Huyu naye alitokea hivyo. Tulipofungua tu alikuwa amesimama hapo, mwanamume wa miaka thelathini hivi, amevaa sweta iliyokuwa na ukubwa wa mtu mwingine. Hakusalimia. Aliingia, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya mwisho, karibu na dirisha la nyuma, akachukua gazeti la siku hiyo.

Alikuja kesho yake, na kesho kutwa, na wiki iliyofuata. Alikuwa hasomi kama watu wanavyosoma. Hakugusa michezo wala siasa. Aliufungua ukurasa wa matangazo ya vifo, akapitisha kidole juu ya picha moja moja, polepole, kama mtu anayetafuta jamaa kwenye picha ya darasa. Akimaliza anafunga, anakunja mikono, anatazama ukungu dirishani hadi tufunge. Sikumwona akila. Sikumsikia akikohoa, na mwezi wa saba Embu nzima inakohoa.

Kilichonishtua si yeye. Ni wale wengine. Meza ya mwisho huwa na wanafunzi wa chuo wanaogombania kiti cha dirishani. Polepole wakaanza kukaa mbele, wakibanana. Mama mmoja aliyekuwa akija kusoma vitabu vya ushonaji aliinua macho, akamwona, akaacha mkoba wake mezani akatoka. Ilibidi nimpelekee mkoba nje. Alikuwa chini ya mti wa jacaranda, ameegemea shina. Nilimuuliza kama ni mgonjwa. Akasema, "Mimi ni wa upande wa Runyenjes, Madam," kana kwamba hilo lilikuwa jibu. Akaingia ndani ya ukungu na hakurudi tena.

Siku iliyofuata mfagiaji aliniambia kuwa ule upande wa nyuma ataufagia mimi nikiwa nimesimama hapo, la sivyo hataufagia. Ndipo nilipomwita Nyaga.

Alisimama mbele ya meza yangu, kofia mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mashavu yake yote mawili yalikuwa matupu.

"Madam, mimi sikutaka kusema," akasema. "Huyo mtu anaitwa Njeru. Ni wa kwetu Karurumo. Nilikula chakula ya matanga yake."

"Ulikula chakula ya nini?"

"Ya matanga. Tulimzika mwaka jana. Mimi mwenyewe nilishika kamba ya kuteremsha sanduku."

Nilimwambia aende akaendelee na kazi. Nilibaki nimekaa. Mimi ni mtu wa kanisa na nimesoma kiasi, lakini nitawaambia ukweli: mchana huo nilipita karibu na meza ya mwisho bila sababu yoyote, nikatazama sakafuni kama ana kivuli. Kwa bahati mbaya siku hiyo hakuna aliyekuwa na kivuli Embu, jua lenyewe lilikuwa halijaonekana tangu Jumapili.

Habari ikaenea. Watu wakaanza kuja ambao hawajawahi kuingia maktaba maisha yao yote. Walisimama nje, wakaweka mikono kwenye kioo, wakachungulia. Ungeinua macho kutoka kwenye kazi yako ukaona safu ya nyuso katika ukungu, hazina miili, zote zikitazama meza moja. Yeye hakugeuka. Mchungaji mmoja alikuja kuniomba ruhusa ya kuombea jengo. Mkubwa wangu akanipigia simu kusema kwamba maktaba inapata jina baya, na kuuliza kama ningeweza kutafuta sababu ya kumtoa.

"Amefanya nini?" nikauliza.

"Wewe unajua amefanya nini."

"Amekaa kimya na anasoma gazeti."

"Madam Wawira, huyo mtu hana hata kitambulisho."

"Kwa kusoma humu ndani hatuombi kitambulisho. Ni kwa kuazima tu."

Akakata simu. Nilikuwa na hofu, lakini nilikuwa nimekasirika pia, na nikiwa hivyo hufanya kazi vizuri. Nilienda hadi meza ya mwisho, nikavuta kiti, nikakaa mbele yake. Nyuma yangu nilisikia ukumbi mzima ukiacha kufungua kurasa.

"Kuna kitu unatafuta ukakosa?" nikamuuliza. Hilo ni swali la kaunta, tunaruhusiwa kuliuliza.

Alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu anayelala vibaya. "Haya ya siku hizi hayana. Mna magazeti ya mwaka jana?" akasema. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, yenye mafua kidogo. Sijawahi kufurahia mafua ya mtu kama siku hiyo.

Magazeti ya zamani tulikuwa tukiyafunga kwa kamba ya katani, mwezi kwa mwezi, kwenye chumba cha nyuma. Wenzangu, msiyauze kwa wenye maduka ya nyama kwa kuwa sasa kila kitu kiko kwenye simu. Mtu anaweza kuhitaji siku moja mahususi, na simu itampa siku nyingine zote isipokuwa hiyo. Nilimletea mafungu aliyotaka. Alifungua, akapitisha kidole. Fungu la pili, kidole kikasimama.

Nililitazama likiwa kichwa chini kutoka upande wangu. Ilikuwa picha yake. Amevaa suti, anacheka kidogo. Chini yake jina lake, jina la baba yake marehemu, na Karurumo.

Alikaa akijitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mnatoa kopi hapa?"

Nilimtolea kopi mwenyewe. Nilipompa, vidole vyetu viligusana. Vyake vilikuwa baridi, lakini hata vyangu vilikuwa baridi. Ndipo akanieleza.

Alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori lililobeba mizigo kwenda Moyale. Walipofika kaskazini ya Isiolo alishikwa na malaria, akashindwa hata kukaa. Wakamwacha kwenye kituo kidogo cha afya kando ya barabara. Kijana aliyekuwa ameomba lifti Isiolo akachukua nafasi yake. Njeru alimpa jaketi lake kwa sababu ya baridi ya Marsabit. Mfukoni mlikuwa na simu na kitambulisho, na kwa homa ile hakukumbuka. Lori lilipinduka mbele ya safari, likaungua. Dereva alikufa na kijana akafa. Kilichosalia cha jaketi kilikuwa na kipande cha kitambulisho chenye jina.

Njeru alipopona aliambiwa tu kwamba lori lilipata ajali. Alifikiri hana kazi tena, na hakutaka kurudi kwa mama mikono mitupu. Akafuata watu waliokuwa wakichimba mawe mbali huko ambako hakuna mtandao. Hakuna mtu aliyejua kuwa anapaswa kumtafuta. Aliporudi, aliteremka Karurumo siku ya soko. Mwanamke wa kwanza kumwona alikuwa akiuza ndizi. Aliacha ndizi zake zote akakimbia.

"Nilifika nyumbani," akasema. "Nikaona kaburi karibu na kahawa. Nikadhani ni la baba, limehamishwa, ama nini. Nikasoma msalaba." Akaikunja ile kopi. "Mama alifunga mlango. Nikamsikia anaomba huko ndani, anamwambia Mungu aniondoe. Kaka yangu Ireri akatoka na panga."

"Hukumwambia wewe ni nani?"

"Nilimwambia. Ndio akaogopa zaidi."

Chifu alimwambia alete kitambulisho. Ofisi ya vitambulisho ikamwambia namba hiyo imefungwa, mwenyewe ni marehemu, na ili ifunguliwe aje na mzazi au ndugu aape kuwa ni yeye. Mzazi alikuwa amefunga mlango. Kwa hiyo alikuwa akilala kwenye karakana ya mbao mjini, na mchana alikuja kwetu.

"Kwa nini hapa?" nikauliza.

"Hapa hamkuniuliza kitu."

Tulitafuta kwenye vitabu vya sheria, mimi na yeye, vile vyenye jalada la kahawia ambavyo vumbi lake huwa halisumbuliwi na mtu. Vilisema kile kile ilichosema ofisi, kwa maneno marefu zaidi. Lazima ndugu.

Nilimwomba Nyaga aende akaongee na yule mama. Alikataa katakata. Alisema yeye alishika kamba, na aliyeshika kamba hawezi kwenda kusema hakuna mtu aliyeteremshwa. Sikumlaumu. Lakini Jumatatu alikuja kazini na tope jekundu la Karurumo kwenye viatu, akasimama mbele yangu.

"Nimeenda jana baada ya kanisa," akasema. "Nimemwambia huyo mama, shetani hawezi kuja kusoma gazeti kila siku, tena anakaa vizuri, hata hasumbui. Amekubali kuja. Lakini ni hapa tu. Amesema hapa ni mahali ya serikali na kuna watu wengi."

Alikuja Alhamisi mchana, na ukungu ulikuwa haujainuka. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani, ameshikwa mkono na Ireri. Walipita katikati ya ukumbi. Sijawahi kusikia maktaba imenyamaza vile, na kunyamaza ndiyo biashara yetu. Njeru alisimama. Mama hakumtazama usoni. Alikaa upande wa pili wa meza, kwenye kiti cha mbali kabisa, akaweka macho yake kwenye mbao.

"Mwambie akae," akaniambia kwa Kiembu. "Mwambie alete hiyo gazeti iliyoandika habari ya kufa."

Nikalileta. Akasema, "Mimi sijui kusoma. Siku ile walisoma kwa Kizungu, haraka haraka, na mimi nilikuwa nalia. Sijawahi kujua iliandikwa nini. Asome. Asome kwa lugha yetu."

Nilisimama nyuma ya Njeru, nikaona anachoona yeye. Akailaza karatasi mezani. Akaanza kuisoma kwa Kiembu, akitafsiri mstari kwa mstari.

Gazeti lilisema familia inatangaza kwa huzuni kubwa kifo cha ghafla cha mtoto wao kupitia ajali ya barabarani. Yeye akasoma, "Familia inasema kwa huzuni kwamba mtoto wao amechelewa njiani."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikafuata kwa macho. Gazeti lilisema mwili utaondoka chumba cha kuhifadhia maiti asubuhi. Akasoma, "Asubuhi ataondoka huko aliko." Gazeti lilisema atazikwa shambani kwao. Akasoma, "Atafika nyumbani kwao Karurumo, na watu wote wanakaribishwa."

Alikuwa akisoma taratibu, bila kusitasita, na kila mara lilipofika neno la kifo aliliruka, na mdomo ukatoa neno la safari. Nje ya dirisha zile nyuso zilikuwa zimerudi.

Mama aliinua macho. Hakumtazama yeye, alinitazama mimi. "Wewe unajua kusoma," akasema. "Imeandikwa hivyo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Niliona bega la Njeru linaganda. Lakini maktaba haina kitu kingine cha kumpa mtu isipokuwa kile kilichoandikwa.

"Hapana, mama," nikasema. "Haijaandikwa hivyo."

"Najua," akasema.

Alikaa kidogo akipapasa ukingo wa meza.

"Alipokuwa shule, nilikuwa nikirudi na sukari imefungwa kwa gazeti. Namwambia anisomee. Kama ni bei ya kahawa imeshuka, alikuwa anasoma imebaki pale pale. Kama ni watu wamekufa na njaa, anasoma mvua inakuja. Nilikuwa naona macho yake yakiruka. Sikuwahi kumwambia najua. Sikumwambia hata baba yake." Akageuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama mwanawe usoni. "Shetani angesoma vile imeandikwa."

Aliinuka, akazunguka meza ile ndefu akijishikilia kwenye viti, akafika kwake, akamrekebisha kola ya ile sweta. Njeru alikuwa amefunga macho.

"Umekonda," mama akasema. "Hii sweta ni ya nani?"

Ireri alitoka nje. Kupitia dirishani nilimwona amesimama katika ukungu, mgongo kwetu, na wale waliokuwa wakichungulia wamemwachia nafasi. Aliporudi macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Akasema tu, "Tuende ofisi ya vitambulisho kabla wafunge."

Ningependa kuishia hapo, lakini mama alikuwa bado amesimama. Mkono wake ulibaki kwenye kola. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama anayejiuliza mwenyewe:

"Sasa yule nimelilia ni nani?"

Njeru alijua kidogo sana. Kijana alikuwa amepanda Isiolo siku hiyo hiyo, akizungumza Kimeru. Aliitwa Mwenda, na akina Mwenda wa Meru ni wengi kama migomba. Alikuwa hana kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na alikuwa akicheka kwa urahisi. Familia ya Njeru iliripoti polisi, faili ikafunguliwa, ikalala. Hakuna aliyejitokeza.

Kaburi halikuguswa. Nililiona mwenyewe nilipoalikwa kwa chai baadaye. Liko kati ya kahawa na zizi la mbuzi. Mama alikuwa amepaka msalaba rangi nyeupe, akafuta jina, akauacha hivyo hivyo. Majirani waliokuwa wakipita njia ya karibu walianza kuzunguka ile ya mbali. Mama yeye aliendelea kung'oa magugu na kupanda maua, kama alivyofanya alipodhani ni mwanawe. Nilimuuliza kama haogopi. Akasema kuwa anaogopa, lakini kijana wa watu hawezi kukaa kwenye magugu kwa sababu yeye anaogopa.

Kitambulisho cha Njeru kilichukua muda mrefu. Kumuua mtu ofisini ni rahisi, kumfufua kunataka mihuri. Alipokipata alikuja maktaba siku hiyo hiyo, akajiandikisha, akaazima kitabu cha ufugaji wa kuku, akakirudisha kimechelewa kama mtu yeyote aliye hai. Wanafunzi wakarudi kwenye meza ya dirishani. Nyaga akarudi kwenye muguka wake.

Lakini Njeru hakuacha magazeti. Kila siku ya soko alikaa pale pale, akatafuta ukurasa wa watu waliopotea. Alitafuta kijana asiye na kidole. Miaka ikapita akitafuta. Kuna wakati nilimwambia apumzike. Akaniuliza, "Na kama ni wewe uko kwa boma ya watu, hakuna anayejua?" Sikumwambia tena.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, mama yake akafa, kwa uzee, kitandani kwake. Njeru aliniletea tangazo alilokuwa ameliandika kwa ajili ya gazeti, nikague Kiingereza. Niliketi nalo mezani kwangu. Lilikuwa la kawaida mpaka mahali pa watoto. Hapo alikuwa ameandika: mama wa Ireri, Njeru, na kijana aliyezikwa nyumbani kwake, aliyeitwa Mwenda, aliyekosa kidole cha shahada mkono wa kushoto, ambaye hatujui kwao.

"Watu watasema," nikamwambia.

"Ni mama alisema iandikwe."

"Na Ireri?"

"Ireri amesema iandikwe na herufi kubwa."

Sikubadilisha kitu isipokuwa koma moja. Mtu wa gazeti alipiga simu kuuliza kama kuna kosa. Njeru akamwambia hakuna.

Mama alizikwa upande wa pili wa ule msalaba mweupe. Siku chache baadaye, nikiwa nimeanza kufungasha vitu vyangu, wazee wawili waliingia maktaba, mume na mke. Mke alikuwa na tangazo lile limekunjwa kwenye kitabu cha nyimbo. Mume alisema wametoka Mitunguu, wamefika kituo cha magari, wakauliza ni wapi mjini wanaweza kupata mtu wa kuwasomea hii vizuri na kuwaambia iliandikwa na nani. Mwenye kioski akawaelekeza kwetu.

Nilimpigia Njeru simu. Alikuja na pikipiki kutoka Karurumo, akiwa bado na kichwa alichonyoa kwa msiba. Niliwaweka kwenye meza ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyokuwa tupu. Mzee hakuanza na salamu. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, akakunja kidole cha shahada.

"Ilikuwa mashine ya kukata majani ya ng'ombe," akasema. "Akiwa mdogo. Mimi ndiye nilikuwa nazungusha."

Njeru akatikisa kichwa polepole kukubali. Mzee akafunika uso. Alisema walikuwa wakikwepa ule ukurasa wa vifo miaka yote, wasije wakaona picha; tangazo hili waliletewa na jirani. Walikuwa wakisema yuko Ethiopia, amepata kazi.

Mke wake hakulia. Alikuwa akimtazama Njeru kwa namna ambayo ilinifanya niangalie pembeni. Alitazama mikono yake, vidole vyote kumi, halafu uso.

"Huyo mama yako," akamuuliza, "wakati wa kumzika, alilia?"

"Alilia," Njeru akasema. "Alilia akidhani ni mimi."

"Alilia sana?"

"Huyo Nyaga wa mlangoni alikuwepo. Anasema walimshika watu watatu."

Mama wa Mwenda aliweka viganja vyake juu ya meza, akavitandaza kama mtu anayenyoosha kitambaa.

"Basi mwanangu alizikwa na mama," akasema.